Mwosha wa Mtongwe na Jina la Mamake Lodi

Mtongwe ukimpa mtu siri asubuhi, adhuhuri utaikuta Likoni inakunywa chai. Ndiyo maana Mwinyihaji Suleiman ni mtu wa pekee. Miaka thelathini na minane ameosha maiti wa kiume wa mtaa huu, kazi aliyoirithi kwa babake, mzee Suleiman, na hajapokea senti wala kutoa neno. Fulani alikuwa na kovu gani, fulani alificha nini chini ya kanzu, hayo yote huyamwaga pamoja na maji. Mkewe Zuleikha alimdadisi miaka mitano ya mwanzo ya ndoa, akachoka. Ukimuuliza leo atakujibu kifua mbele: "Mwosha huoshwa. Nami nitalazwa pale pale." Ana majivuno, ndiyo, lakini ni majivuno aliyoyatolea jasho.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Mwingereza. Alikuja ujanani kutengeneza mashine za meli, akasilimu, akaitwa Yusuf, akabaki Mtongwe akitengeneza injini za mashua za wavuvi. Kwao walikuwa watu wa kasri na mashamba, wenye cheo kinachoshuka kutoka baba hadi mwana. Siku barua ilipomfikia kwamba babake amefariki na sasa yeye ndiye lodi, aliisoma mara mbili, kisha akajifuta grisi mikononi kwa bahasha yake. Mtaa ukapata utani wa bure. "Lodi, injini yangu haiwaki!" Naye akiitika "Naam!" na spana mkononi.

Kwetu maiti akishafukiwa, shehe huketi kichwani pa kaburi akamsomea talkini, mawaidha ya mwisho kwa maiti, akimwita kwa jina la mamake. Jina hilo lisipojulikana, huitwa mwana wa Hawa, mama yetu sote. Siku moja alizikwa bawabu mmoja wa kutoka bara asiye na jamaa, akaitwa hivyo. Yusuf alirudi kutoka makaburini kanyong'onyea.

"Mwinyihaji, mimi usiniache niitwe vile. Mamangu ana jina."

"Nambie basi."

"Nitakwambia, inshallah. Si la kusema njiani."

Mwinyihaji alimwelewa. Yeye ni Mdigo, na Wadigo wa asili humuuliza mtu fuko lake, yaani ukoo wa mamake, kabla ya kumuuliza la babake. Akamshika mkono: "Wallahi, maadamu ningali hai, hutaitwa mwana wa Hawa."

Ahadi ni deni. Kabla Yusuf hajasema kitu, kiharusi kilimwangusha, kikamwachia macho tu. Wiki tatu Mwinyihaji alikaa kando ya kitanda akimtajia kila jina la kike la Kizungu alilowahi kulisikia. "Meri? Elizabeti? Viktoria?" Yusuf alifumba macho kwa kila moja: la. Yalipokwisha, Mwinyihaji akarudia mwanzo, na machozi yakamtoka mgonjwa. Mwinyihaji naye alikwenda kulia nje, nyuma ya tangi la maji.

Kisha akafika kutoka Uingereza Edmund, mtoto wa nduguye Yusuf kwa baba, na kitabu cha nasaba chenye jalada la ngozi. Ismail, mwana wa Mwinyihaji, ni mwalimu. Yeye ndiye aliyetafsiri. Edmund akasoma mababa kumi na mmoja bila kukosea. Alipoulizwa mamake Yusuf, akaonyesha mahali pake palipochorwa kistari. Alikuwa mpishi wa jikoni mwao, alisema, akaolewa, akafa upesi. Nyumbani jina lake halikutajwa, na waliolijua wamekufa.

"Mababa kumi na mmoja, na mama kachorwa kistari!" Mwinyihaji akafoka. "Kitabu gani hiki, cha majogoo?" Hilo Ismail hakulitafsiri.

Yusuf alifariki alfajiri ya Jumatano. Mwinyihaji aliingia kumwosha huku moyo umemwinama, Ismail akimmiminia maji ya mkunazi. Maji yalipungua, Ismail akatoka kuongeza. Mwinyihaji akamgeuza rafiki yake ubavu.

Alichokiona hakijasemwa hadi leo, na hapa pia hakitasemwa. Itoshe kwamba mwili wa Yusuf ulisema kile ambacho ulimi wake ulishindwa kukisema: Mwinyihaji aliingia hana jina, akatoka analo.

Sasa likawa zito zaidi. Akilitamka, si atakuwa ametoa kilicho chini ya shuka, yeye ambaye hajatoa neno miaka yote hiyo? Akinyamaza, amevunja kiapo. Alimsitiri Yusuf kwa sanda, akamswalia, akashuka kaburini kumpokea, na bado hajaamua.

Mchanga ukajazwa. Shehe Barakat akaketi kichwani pa kaburi, akauliza jina la mama. Edmund akafungua kitabu, akakifunga, uso umemwiva. Shehe akaguna: "Basi, mwana wa Hawa. Hakuna aibu, sote ni wake."

"La, shehe," Mwinyihaji akasema, na sauti yake ikamshtua mwenyewe. "Ni Yusuf mwana wa Elsi."

"Umeambiwa na nani?"

"Na mwenyewe."

"Lini? Si alikuwa hasemi?"

"Aliahidi ataniambia. Ameniambia."

Shehe akamtazama usoni, kisha akaitazama mikono yake, mikono iliyomwosha babake shehe huyo huyo. Hakuuliza tena. Akaanza kusoma, na mbele ya Mtongwe nzima akaita: "Ewe Yusuf, mwana wa Elsi." Mwinyihaji akashukuru kwamba jina amelitoa, na siri amebaki nayo.

Watu walipotawanyika, Edmund, ambaye sasa ndiye lodi, alichuchumaa kando ya kaburi, kitabu gotini, akaandika Elsi juu ya kile kistari. Kisha akamwambia Ismail kwamba angependa kuandika pia aliyelitoa jina hilo. Je, mzee huyu anaitwa nani kamili?

Mwinyihaji hakungoja mwanawe ajibu. Akapangusa mchanga magotini, akasimama wima.

"Mwambie aandike Mwinyihaji, mwana wa Mbeyu."