Tumbo lililopewa hongera

Jua bado halijafika mlangoni, na msusi anamwomba mteja ruhusa ya kukohoa. Anachomeka kitana kwenye nywele ambazo hajazigawa, ananyakua mto mdogo ulio kando ya kiti, anaubana tumboni kwa mikono miwili, kisha anakohoa kidogo kidogo kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa chumba cha pili. Mgonjwa ni yeye mwenyewe.

"Samahani, dada. Tuendelee," anasema, na vidole vinarudi kichwani.

Mtaani wanamwita Laini. Ni jina alilopewa na wateja kwa sababu hasuki kwa kuvuta; ukitoka mikononi mwake unalala usingizi wako usiku huohuo bila kumeza kidonge. Waliowahi kukaa mbele ya wale wasusi wanaovuta mpaka nyusi zinahamia kwenye paji la uso wanajua kwamba jina hilo si la kubebwa na yeyote tu.

Ni mwezi wa pili tangu apasuliwe na kuondolewa kizazi. Kilikuwa kimejaa faibroidi, ule uvimbe usio saratani unaoota kwenye mji wa mimba. Zamani alisuka vichwa vitano kwa siku, tena vingine akiwa amesimama. Sasa ni viwili, ameketi, na siku nyingine hakipatikani hata kimoja. Mteja wa leo ni karani aliyehamia mtaani juzijuzi. Haijui habari ya Laini, na ndiyo maana amekuja.

Wanaoijua habari yake hawaji. Shida ni kwamba wanaijua vibaya.

Ilianza na damu, miaka kadhaa iliyopita. Mwezi ukifika ulikuwa haujui kuondoka. Laini akaacha kuvaa rangi yoyote isipokuwa nyeusi, na chini ya kiti chake cha kazi akaweka khanga iliyokunjwa mara nne.

"Wateja wakadhani ni mtindo," ananiambia karani akishaondoka. "Mmoja akanunua sketi akaniletea zawadi. Nyeusi! Nikamshukuru, nikaenda chooni kulia."

Alikuwa akisikia kizunguzungu, anatafuna barafu siku nzima, ngazi tatu za mlangoni kwake zinamtoa jasho. Alimwambia mumewe. Mume akasema wanawake wote hutoka damu. Baadaye akaondoka, kwa kuwa alichoka kusubiri mtoto, na sasa anao watatu kwingine. "Simlaumu," anasema Laini, halafu anamlaumu mpaka vitana vyote vinakwisha kusafishwa. Ana haki yake.

Tumbo nalo likaanza kukua. Hapa yafaa msomaji aelewe jinsi kazi hii inavyofanyika. Kwa nywele ndogondogo, mteja hukaa kwenye kigoda, msusi hukaa nyuma yake kwenye kiti kirefu zaidi, na kichwa cha mteja kikichoka hulala juu ya tumbo la msusi. Hakuna anayeomba ruhusa. Msusi anaujua uzito wa kila kichwa, na mteja naye analijua tumbo la msusi wake.

Mteja wake wa miaka mingi, mwalimu mstaafu anayependwa na mtaa mzima, aliegemea hivyo asubuhi moja, mara akainua kichwa kama aliyeguswa na moto.

"Laini! Mbona kimya hivyo?"

"Kimya cha nini, mwalimu?"

"Cha tumbo hili! Limekaza, limepanda. Mimi nimezaa sita, hunidanganyi wewe. Hongera, mwanangu!"

Wateja wote wakageuka. Mmoja akapiga kigelegele, mwingine akatoka chini ya draya na rola zake kichwani ili ashuhudie. Laini akafungua kinywa aseme kwamba ni ugonjwa, kwamba daktari ameshamwambia. Kilichotoka ni, "Asante, mwalimu."

Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kupitia kioo, maana wasusi huongea na watu kupitia kioo.

"Dada mwandishi, mimi miaka yote nasikiliza. Nani kaachwa, nani kadanganywa, nani mwanawe kamshinda. Wanaweka hapa, wanalipa, wanaondoka wepesi. Siku ile wakaniangalia mimi. Wakanishika mikono. Nikasema ngoja nionje leo tu, kesho nitawaambia ukweli. Kesho nayo ikazaa kesho yake."

Wakamletea matunda. Wakamkataza kubeba ndoo. Jirani anayeuza vitambaa alimkalisha, akamkanda miguu, na Laini anakiri kwamba alikuwa hajaguswa na mkono wa mtu tangu mume aondoke. Anagusa vichwa vya watu kutwa kucha. Yeye nani anamgusa? Naam, alidanganya. Ajabu ni kwamba ili mtaa mzima umwone, ilibidi waone mtu mwingine tumboni mwake.

Siku ya kwenda kupasuliwa ilipokaribia, aliwaambia anakwenda kujifungulia kwa dada yake. Dada huyo yupo kweli, ila mbali, na ana mgonjwa wake wa kumuuguza. Laini akaenda hospitali peke yake na mfuko mmoja. Nesi akauliza nani amemsindikiza. Akajibu kwamba yuko nje, anatafuta pa kuegesha gari. Hakuwa na mtu wala gari.

Akaambiwa avue nguo apimwe, akasita. Nesi, mama mcheshi, akamtania: "Vua, bibie. Mficha uchi hazai."

"Nikamwambia, nesi, hata tunaouonyesha hatuzai wote," anasema Laini. "Akacheka, halafu akaacha kucheka."

Alizinduka na kiu na koo kavu. Daktari akamweleza kwamba damu ilikuwa nyingi, na kizazi kisingeweza kuachwa. Alikuwa ameshamwambia kabla kwamba huenda ikawa hivyo, lakini kuambiwa huenda na kuambiwa tayari ni vitu viwili. Wodini kila kitanda kilikuwa na ndugu zake na chupa zao za chai. Madaktari walipopita asubuhi walimuuliza swali ambalo kila aliyepasuliwa tumbo analijua: je, umeshatoa hewa? Maana bila hewa hakuna chakula.

"Ilipotoka nilifurahi, jamani! Nikageuka nimwambie mtu. Kulikuwa na ukuta." Anacheka, mkono ukiwa tumboni, kisha macho yanajaa. "Hata kujamba kunataka mwenzako."

Alikaa ndani kwake wiki sita, bila kuinua kitu, akijifunza kutoka kitandani kwa kulala ubavu kwanza. Kisha akarudi kazini na tumbo bapa, bila mtoto.

Mtaa ukajumlisha wenyewe. Hakuna aliyeuliza. Aliyemkanda miguu siku hizi hupita upande wa pili wa barabara akiangalia simu. Wawili walifika mlangoni, wakasema "pole, Mungu atakupa mwingine," wakakumbuka shughuli nyingine. Si watu wabaya. Watu wakikosa neno la kusema, hukosa na njia ya kupita. Lakini viti vitupu havijui nia njema ya mtu.

"Napewa pole ya mtu ambaye hakuwepo," anasema. "Nami siwezi kuikataa, kwa sababu nilipokea hongera yake."

Mwalimu hakuja kabisa. Hilo ndilo linalomuuma Laini kuliko kidonda. "Kila nikisikia ngazi naangalia kama ni yeye," anasema. "Huenda ameshajua kwamba nilimdanganya. Amenichoka."

Nikaenda kwa mwalimu. Sikumweleza lolote, maana siri haikuwa yangu. Nilisema naandika habari za wasusi wa mtaa. Nilimkuta sebuleni, kitambaa kichwani, nywele hazijasukwa kwa muda. Nilipomtaja Laini, alikunja miwani yake akaiweka mezani.

"Yule usiniulize," alisema. "Mimi ndiye niliyelitangaza tumbo lile mbele ya watu. Yeye alikuwa amenyamaza kwa busara zake, mimi nikapayuka. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza mtoto wa mwenzangu. Nitamtazama kwa macho gani?"

Nilimwambia haiwezekani neno likaua mtoto. Akaniuliza mimi nimezaa wangapi. Mama yule amefundisha watoto wa mtaa huu kusoma na kuandika, na sasa analala akijihesabia kifo ambacho hakikutokea. Nami niliyekuwa na dawa yake mfukoni niliaga nikatoka. Sijawahi kuichukia kazi hii kama siku hiyo.

Nilirudi kwa Laini nikamweleza nilichosikia, neno kwa neno. Alikuwa anamalizia kichwa cha yule karani, ambaye alikuwa amerudi kuongezwa nywele. Vidole vikasimama.

"Mwalimu kasema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Kwamba yeye ndiye...?" Hakumaliza. Akaketi vizuri, akavuta pumzi kwa uangalifu kama alivyofundishwa wodini. "Loh. Mimi nilidhani uongo wangu naubeba mwenyewe."

Karani akauliza kama arudi kumaliziwa siku nyingine. Laini akasema hapana, kaa, na wewe sikia. Akamweleza yote: damu, hongera, kitanda, kizazi. Ukiniondoa mimi, karani alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa kwa mdomo wa Laini mwenyewe, na alikuwa mgeni kabisa. Taratibu karani akarudisha kichwa chake nyuma, akakumbuka kidonda, akakiinua. Laini akauweka mto katikati, akakivuta kichwa kikalala.

Mipango yake ni midogo. Anataka kupata nguvu arudie vichwa vitano. Anataka kuvaa sketi ya njano. Lakini kabla ya yote hayo anamtaka mwalimu, na amejaribu kwenda kwake. Hufika kwenye kona, anageuza.

Kwa hiyo ameniruhusu kuandika haya gazetini, jina lake halisi kando, lile la mtaani libaki. Nilimuuliza kama hilo linatosha wamjue. Akasema mtaa una msusi mmoja tu asiyevuta.

"Andika hakukuwa na mtoto," alisema. "Andika ulikuwa uvimbe, nami nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mpweke. Mwalimu husoma gazeti lote, hata matangazo ya vifo. Akifika hapa ajue mdomo wake haukuponza mtu. Na aje."

Aliugeukia mlango, kisha akanigeukia tena, safari hii bila kioo.

"Akija, pole ya mtoto aiache nyumbani. Anipe yangu."