Bibi wa Kilemba

Mume wangu alikuwa kiguu na njia tangu tuliposhuka Maskati, mwaka wa sitini na nne. Kazi hana, kitu hana, na kabati lake la sarafu za kale alizozikusanya limebaki Unguja. Aliokoa sarafu mbili tu za dhahabu za Kimarekani, zile za mwanzo kabisa kupigwa kwao, nilizozishona mimi kwenye upindo wa suruali yangu ya marinda. Basi badala ya kushukuru kuwa tuko hai, akawa anaitafuta ya tatu.

"Lazima ziko huku," akisema, akizunguka chumba kizima. "Merikebu za Wamarekani zilitia nanga hapa wakati mmoja na kwetu. Walinunua tende kwa dhahabu."

Kuwepo zipo, lakini wapi? Shingoni mwa wanawake. Masonara walishazitia vipete vya kupitishia uzi zikawa vidani, na mwanamume gani atathubutu kutazama vifua vya wake za watu, hapo Maskati? Kwa hiyo akanituma mimi. Alinichorea kwa kalamu ya risasi: upande mmoja bibi kajifunga kitu kama kilemba, nyota zimemzunguka, upande wa pili tai kakunjua mbawa. "Uhesabu nyota," akaniambia, "na usome mwaka."

Nikawa jasusi wa harusini. Wenzangu wanapiga vigelegele, mie macho vifuani. Pauni za Kiingereza, tena pauni za Kiingereza. Sikai nikatulia, nahama jamvi hili hadi lile, kahawa yangu inapoa. Nikirudi namkuta mlangoni: "Enhe?" Nikisema hakuna, ananuna siku mbili, utadhani nimeimeza mimi.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwanamke wa hapo hapo. Kiswahili hajui hata neno, na Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Wengine walitupita wakituita watu wa Afrika. Yeye alinionyesha kisima chenye maji matamu, akawa ananiletea mkate wa moto kila asubuhi. Nilimpenda, nisiseme uongo. Alikuwa keshazika watoto watatu. Wa nne, mwanamume, ndiyo kwanza anaanza kukaa.

Asubuhi moja nikaingia kwake, namkuta kampakata mwanawe, kamvika kofia mpya. Juu ya kofia kashona sarafu ya kinga. Lo! Bibi wa kilemba! Nikainama mpaka pua yangu karibu iguse kofia. Nikahesabu nyota, midomo inanicheza. Kumi na tatu. Nikasoma mwaka. Nikatoka mbio kumwambia mume wangu, na Mashaallah sikusema. Mtu mzima mie, niliyefunzwa nisitazame hata ndama wa jirani bila ya Mashaallah!

Jioni mtoto akashikwa na homa. Siku ya pili hanyonyi. Siku ya tatu mama yake akabisha hodi kwetu, kashika bakuli la maji. Hakuingia. Aliniita dada, akanisihi kwa adabu, nusu kwa ishara, ninawe uso na mikono humo, akamwogeshe mwanawe. Kwetu pia tunajua maji hayo huombwa nani. Huombwa mwenye jicho.

Niliwaka. Nilitaka kulipiga teke lile bakuli, nimwambie mie si hasidi, nimetazama sarafu tu! Lakini alikuwa kalibana kifuani, maji yanammwagikia. Nikanawa huku nalia, na machozi yakaingia humo humo.

Mtoto akapona. Kesho yake mama akaja tena, akaniwekea sarafu kiganjani, uzi wa kofia bado unaning'inia.

"Ulichokipenda chukua," akasema, na Kiarabu hicho nilikielewa chote. "Mwanangu niachie."

Nikataka kumrudishia. Akaficha mikono mgongoni, akaenda zake kinyumenyume.

Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili. Akaipeleka dirishani, akahesabu nyota, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Unguja. Nikangoja aulize hali ya mtoto.

"Sonara akikitoa hiki kipete taratibu," akasema, "halitabaki kovu."

Tulikaa pale mpaka mwaka wa sabini. Mkate haukuja tena. Jirani akisikia viatu vyangu alimfunika mwanawe kwa shela, na mie nikigeukia ukutani nisimtie hofu. Yule bibi wa kilemba hata leo nnaweza kumchora, na nyota zake zote. Mtoto simkumbuki sura. Siku ile nilitazama kofia.