Jogoo Wangu Mahakamani

Kuna aibu za ujanani ambazo watu husamehe kwa sababu damu ilikuwa inachemka. Hii yangu niliipata nikiwa na mvi kichwa kizima, mchana kweupe, tena mbele ya hakimu, na aliyenipeleka ni mimi mwenyewe kwa miguu yangu.

Mjukuu wangu Ashura anasoma sheria Dar es Salaam. Akiwa mwaka wa pili alikuja kwetu Katubuka kufanya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, katika ofisi ya wakili mmoja mwanamama hapa Kigoma mjini. Fildi yenyewe ina alama: mwishoni wakili anaandika mwanafunzi alivyofanya kazi, na akiandika vibaya mtoto anarudia. Kwa hiyo siku ya kwanza tu Ashura aliniambia, "Babu, nakuomba, usije ofisini."

"Nije kufanya nini?" nikamjibu (jogoo nilikuwa nimeshamchagua).

Sasa nieleweni. Sisi watu wa asili ya Ujiji hatumpeleki mtoto kwa fundi kama unavyopeleka kiatu kushonwa. Awe anakwenda kusoma Kurani, kujifunza cherehani au kuunda mitumbwi, mkubwa wake humsindikiza, hutoa chochote mkononi na kusema, "Nyama yako, mifupa yangu," maana yake mfunze utakavyo ila unirudishie mzima. Mimi nilikabidhiwa hivyo, na baba yake Ashura nilimkabidhi hivyo. Huyu binti alikwenda kazini peke yake na begi lake mgongoni kama mtoto wa kuokotwa, na kila asubuhi akitoka roho yangu ilikuwa inaniuma.

Basi siku moja nikavaa kanzu, nikamfunga jogoo miguu, nikamtia kikapuni na kumfunika kanga, nikaenda ofisini, nikaambiwa wakili yuko mahakamani. Mtu mwenye akili angegeuza. Mimi nikasema kanzu imeshavaliwa, nikaenda mahakamani.

Mlangoni nikamkuta askari, binti mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee. Kikapuni mna nini?"

"Marahaba. Jogoo."

"Ni kielelezo?"

Siwezi kusingizia ujinga. Nimesoma mpaka kidato cha nne, najua kielelezo ni kitu kinacholetwa mahakamani kuwa ushahidi. Nilijua pia kwamba nikisema ni zawadi nitabaki nje juani. Nikasema, "Ndiyo, mwanangu." Kajineno kamoja tu, nikaingizwa na kukalishwa mbele kabisa.

Wakili alikuwa amesimama, Ashura nyuma yake na mafaili, hajaniona. Na kesi (angalieni mambo) ilikuwa ya kijana aliyeshtakiwa kuiba jogoo kule Simbo, na wakili ndiye aliyekuwa akimtetea. Alikuwa anasema kwa sauti ya upole, "Mheshimiwa, mlalamikaji anadai jogoo ameibwa, lakini mpaka leo mahakama haijaonyeshwa hata unyoya."

Jogoo wangu akawika.

Hakimu akainua macho. "Ni nini hicho?"

"Kielelezo, Mheshimiwa," akasema yule askari. "Kimeletwa na mzee."

Mlalamikaji, bwana mfupi mwenye koti kubwa, akasimama kabla hata kanga haijafunuliwa. "Ndiye. Namjua kwa sauti." Ilipofunuliwa akazidi: "Huyo huyo. Mkia huo nimeulea mwenyewe." Yule kijana kizimbani akanitazama kama mtu aliyekanyaga nyoka.

Nikasimama kuokoa jahazi. "Mheshimiwa, huyu jogoo ni wangu, ametoka Katubuka. Nimemletea wakili."

"Wakili yupi?"

"Huyu mama. Mjukuu wangu yuko fildi kwake."

Ndipo nikang'amua kwamba ukweli wangu ni mbaya kuliko uongo wangu, kwa sababu hakimu aliweka kalamu chini, akamgeukia wakili. "Mzee huyu umemwandaa wewe, ili umtege mlalamikaji?"

"Sijawahi kumwona, Mheshimiwa," akasema wakili, akamtazama Ashura.

Ashura akasimama, faili kifuani. "Ni babu yangu, Mheshimiwa. Nilimwomba asije."

Nikaeleza yote, la kukabidhi mtoto, la nyama na mifupa, na uongo wa mlangoni. Nikamaliza, "Binti hakujua lolote. Kama kuna wa kulala ndani, ni mimi."

Mmoja wa wazee wa baraza wanaokaa pembeni mwa hakimu akamwinamia. "Mheshimiwa, la kukabidhi ni kweli. Mimi nilipelekwa na bata."

Watu wakacheka, hakimu naye akajiziba mdomo na karatasi. Kisha akaniambia, "Mzee, ukidanganya mlangoni mwa mahakama umedanganya mahakama. Nakuonya mara moja. Toka na kuku wako." Akaahirisha kesi.

"Na jogoo wangu je?" akauliza mlalamikaji.

Nje, wakili hata kikapu hakukitazama. "Mzee, leo nusura nimrudishe huyu mtoto chuoni. Atamaliza fildi, ila mahakamani haingii tena mpaka kesi hii iishe." Nilimwomba anipe mimi adhabu hiyo, akasema mimi si mwanafunzi wake.

Siku ya hukumu ukumbi ulijaa, nasikia. Wakili alimkumbusha hakimu kwamba mlalamikaji alimtambua kwa sauti jogoo asiyewahi kumwona, na yule kijana akaachiwa huru. Watu hunipongeza kwa hilo, nami huwanyamazisha, maana mtoto aliyesafiri kutoka Dar kuja kuona wakili akishinda kesi alikuwa ofisini anapanga mafaili.

Alama alipata nzuri. Siku ile ile ya aibu, tulipokaribia nyumbani, alianza kucheka mpaka akakaa chini, akasema, "Babu, wewe utaniua." Lakini msamaha una mipaka yake. Mwaka huu amepata nafasi nyingine ya fildi, na nyumbani wote wanajua ni wapi isipokuwa mimi. Nilipomuuliza alinijibu, "Mkoani, babu." Mikoa ni mingi. Sijamuuliza tena, na sitamuuliza.