Kiti cha Watu Wawili

Harufu ya samaki wa moshi dukani leo imenirudisha kwenye chumba chetu cha zamani, mtaa wa Hillbrow. Baba alikuwa akifua mashuka kwenye meli ya watalii. Siku meli yao ilipotia nanga Ujerumani, alitupigia simu. Mama akaitumbukiza simu ndani ya kikombe kitupu ili sauti ivume, sote tusikie.

“Asubuhi nilipanda treni hadi mjini, nikaona makanisa ya matofali mekundu. Sasa nimerudi ufukweni, nakula mkate na samaki wa moshi. Kuna viti vya kikapu hapa, vya watu wawili, vinakinga upepo.”

Mimi nilitaka kuuliza habari za chokoleti. Mama akaniwahi.

“Umekaa kwenye kimoja, baba watoto?”

“Nimekaa. Upande mmoja uko wazi.”

Mama alisogea kidogo kitandani, akakiweka kikombe kando yake, akajitanda khanga mabegani.