Fundi Polepole na Taa za Mama

Mimi sina subira, na sijawahi kulificha hilo. Kwa hiyo jirani aliponishauri nimwite fundi wa umeme anayeitwa Polepole, nilimuuliza kama ameona tatizo langu ni dogo. Akacheka. "Kawia ufike, dada. Wewe mwite tu."

Nikamwita, maana maji yalikuwa yamenifika shingoni. Kaka yangu mkubwa alimwekea mama taa za kisasa, zile zinazoongozwa kwa simu. Haukupita muda, zikaanza kuzimika zenyewe jioni, nyumba nzima. Mara ya mwisho mama alikuwa kwenye korido, akaanguka, goti likavimba. Kila tukimuuliza, jibu lake lilikuwa moja: "Zinazimika mwanangu akiondoka."

Kaka akaamua kwamba akili ya mama imeanza kuchoka: anazizima mwenyewe, kisha anasahau. Jumamosi angemhamishia kwake, na chumba kilishapakwa rangi. Mama ameishi nyumba ile miaka arobaini. Alikataa mpaka akachoka kukataa, akaanza kukunja nguo zake. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimsaidia kukunja.

Polepole alifika Alhamisi mchana. Mtu wa makamo, miwani imekazwa kwa waya upande mmoja, mkoba wa zana begani. Nilitegemea apande ngazi. Wapi! Aliuweka mkoba chini bila kuufungua, akavuta kiti mbele ya mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hebu nieleze. Zinazimika saa ngapi?"

"Hazina saa. Zinazimika huyu akiondoka," mama akasema, akimwonyesha kaka, aliyekuwa amekuja kuchukua masanduku.

Kaka akanitazama kwa jicho la kusema, umesikia mwenyewe. Polepole yeye akaandika kwenye kidaftari chake, neno kwa neno, kama karani mahakamani. Akauliza mama huwa wapi wakati huo. Mama akasema huwa ametoka kumsindikiza kaka hadi getini, anarudi ndani, na akifika katikati ya korido, giza.

"Kaka, naomba uondoke," Polepole akasema.

"Niende wapi?"

"Popote. Panda gari, ufike barabara kuu, utusubiri huko."

Kaka akaondoka amenuna. Tukafunga mapazia, tukawasha taa zote, tukakaa. Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, nikaanza kutikisa mguu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie fundi anatupotezea muda, taa zikazimika. Zote, kuanzia sebuleni mpaka jikoni.

"Haya," mama akasema gizani, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo.

Kaka aliporudi, Polepole akaomba simu yake na kumwonyesha. Siku ya kuweka zile taa, kaka aliandikisha simu moja tu, ya kwake, kuwa ya mwenye nyumba. Halafu, ili kuokoa umeme, akaziagiza zizimike mwenye nyumba akitoka. Mama ana kisimu cha vitufe, hakikuandikishwa popote.

"Kwa taa hizi, mama haishi humu," Polepole akasema. "Simu yako ikifika barabara kuu, zinajua nyumba haina mtu."

Kaka alikaa chini taratibu. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, mwanangu. Nilikwambia mara nne."

Kaka akainama, akalishika lile goti la mama, akaomba radhi. Suala la Jumamosi likaishia hapo. Polepole alifuta lile agizo kwenye simu, kazi ya dakika moja, na mkoba wake akaondoka nao kama alivyokuja nao.

Nilipomfikisha getini nikamuuliza, "Sisi watoto wake hatukumwamini. Wewe umemwaminije?"

Alifuta miwani kwanza. "Mama yangu alikuwa akilalamika kwamba jiko lake la umeme linajiwasha. Mimi fundi, nikacheka. Tukamhamishia kwa dada yangu, akafia huko. Baadaye ndipo nikalifungua lile jiko. Swichi yake ilikuwa mbovu."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikasema asante mpaka akaona haya. Tangu siku hiyo, nikimwombea mama yangu, namwombea na wa kwake.