Wazazi Walipotoka Nje

Nakumbuka siku moja pale Urambo, mwanangu, na naikumbuka kuliko hata siku niliyovikwa joho la stashahada. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya miaka mingi Dar. Nilijisomesha mwenyewe kwa kuuza asali, sikumlilia mtu. Basi watafiti walipokuja kutaka kujua vijana wanaelewa nini kuhusu afya ya akili na mitandao ya kijamii, walimtafuta nani aongoze kikao? Mimi, bila shaka.

Walitaka vijana wenyewe wasaidie kutunga maswali. Wazazi, kwa kuwa ndio waliotoa ruhusa, niliwaketisha kwenye mabenchi ya nyuma ya ukumbi wa kanisa. Miongoni mwa vijana alikuwemo Kabula, binti wa kaka yangu, aliyekuwa amegoma kwenda shule bila kusema sababu. Baba yake alishaapa: asiporudi darasani Jumatatu, anapelekwa kwa shangazi yake Ipole akalime tumbaku.

"Mnajisikiaje mkiwa mitandaoni?" niliuliza.

"Vizuri," wakajibu.

"Kuna linalowasumbua?"

"Hakuna."

Mama yangu, bibi yake Kabula, aliyeketi nyuma pamoja na wazazi, alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. "Wewe msomi, mbele ya baba zao watakuambia nini? Ulipokuwa na umri wao ukasusa kula, baba yako alikutoa neno?"

Hakunitoa. Aliyenitoa ni bibi yangu, aliyeniita mume wake na kunitania mpaka nikacheka, halafu nikalia, halafu nikasema. Huku kwetu bibi na mjukuu ni watani, unajua.

Nikawaomba wazazi watoke wakanywe chai. Si kila mwenye cheti angethubutu! Mama yeye akabaki, akasogea mbele.

"Haya, mke mwenzangu," akamwambia Kabula, "huyo bwana uliyemficha kwenye simu anamshinda babu yako?"

"Babu hana meno, bibi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Sasa mbona kila ukiifungua unanuna?"

Kabula akainama. "Wamenifanya stika." Alikuwa amelia kwenye mahafali ya dada yake, mtu akampiga picha, akaigeuza kipicha cha kutumiana kwenye simu, na sasa sura yake ile ndiyo mzaha wa kundi zima la darasa.

"Lakini na wewe ulicheka humo," mwenzake wa darasa akashangaa.

"Ningefanyaje?" Kisha akawageukia watafiti. "Msituulize tunajisikiaje. Tuulizeni ni lini tulicheka kwenye simu huku tunaumia."

Mikono ikanyooka kila upande. Swali hilo wakaliweka la kwanza.

Kabula aliniruhusu nimweleze baba yake. Kaka yangu akaweka kikombe chini, akashusha pumzi ndefu. "Kumbe ni hilo? Mimi nilidhani mtoto ameniharibikia." Habari za Ipole zikaishia hapo. Wenzake waliifuta stika ile, na Jumatatu walimpitia nyumbani, wakaenda shule pamoja.

Kwa hiyo, mwanangu, mzaha ukikuuma usijilazimishe kucheka. Mtafute unayeweza kutaniana naye, umwambie. Na wakija watu na maswali yao, usiwajibu "vizuri" ili waondoke, wafundishe kuuliza. Nawe ukiwa mkubwa, ukaongoza vikao kama mimi, wape vijana nafasi yao kwanza.

Mungu akujalie watu wa kukutania kwa upendo, moyo wako uwe mwepesi, na usingizi wako uwe mtamu. Amina.