Kiatu Changu na Panya wa Chuo

Nawaambia mimi mwenyewe kabla hili halijafika kijijini kwetu Githongo kwa mdomo wa mtu mwingine.

Mjukuu wangu Kawira anasomea mambo ya woga chuoni Embu. Kwa majivuno nikaenda kumwona. Akanionyesha panya mweupe ndani ya sanduku la kioo.

“Cucu, huyu tulimfunza kuogopa kengele. Jana tulimkumbusha kwa kuipiga tena, kisha tukamdunga dawa ya kuvuruga huo woga. Leo kengele ikilia naye asishtuke, dawa imefanya kazi. Namwita mwalimu wangu aone. Usiguse kitu.”

Akatoka. Panya akanikazia macho huku akitafuna. Panya nimewafukuza kwa ghala la mahindi tangu niolewe, na nawaambia, panya asiye na woga ni hatari. Huyu angemuuma Kawira wangu. Nikavua kiatu, nikapiga sanduku mpaka akajikunyata kwa kona. Nikavaa, nikakaa kama mtu wa kanisa.

Mwalimu alipoingia, panya alikuwa ameganda kama jiwe.

“Lakini kengele haijalia,” mwalimu akasema.

Kawira akainama kumtazama panya. Kazi yake yote ilikuwa inazama, na mimi nikaangalia sakafu.

“Hebu tuone kamera.”

Kamera? Hiyo sikuwa nimeambiwa. Kompyuta ikawaka, na huyo hapo mimi, kiatu juu, nikimwambia panya kwa Kimeru kwamba bado hanijui.

“Cucu,” Kawira akasema, bila kugeuka.